Karatasi au kioo? Kwa mama mwenye binti wa kidato cha kwanza

Mama mmoja wa Morogoro ameniletea swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi, ila yeye kaliuliza vizuri kuliko wengi. Binti yake amemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya Kiswahili, na Januari ameanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ambako karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini ukimuuliza kasoma nini, hana la kusema. Mama ametenga shilingi laki moja na nusu za vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Kaka yake aliyeko Muscat anamwambia asipoteze hela kwenye karatasi, atamtumia mtoto kishikwambi chenye vitabu elfu moja ndani. Swali lake ni hili: "Kwa mtoto anayejifunza kusoma lugha ya kigeni, kipi kinamjenga zaidi, kitabu cha kushika mkononi au cha kwenye kioo? Na mimi mwenyewe Kiingereza kinanipiga chenga. Nitajuaje kama anasoma kweli?"

Dada yangu, nikupe jibu kwanza ili yanayofuata uyasome umetulia. Hiyo laki na nusu nunua vitabu vya karatasi, vidogo, vyepesi, na vingi kadiri hela itakavyofika. Kishikwambi cha mjomba wake kipokee kwa mikono miwili, lakini kipe kazi ya sikio kwanza, ya macho baadaye.

Kabla hatujafika kwenye karatasi na kioo, kuna jambo lenye uzito kuliko vyote viwili, nalo ni idadi ya maneno ambayo mtoto hayajui katika kila ukurasa. Mwaka 1989 Batia Laufer, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Haifa, alikadiria kwamba msomaji wa lugha ya kigeni anahitaji kuyajua maneno 95 katika kila 100 ili aambulie maana ya anachosoma. Mwaka 2000 Hu Hsueh-chao na Paul Nation wa New Zealand walilipima jambo hilo upya wakakuta kwamba kwa wasomaji wengi 95 hayatoshi. Anayetaka kusoma hadithi mwenyewe, bila mwalimu wala kamusi pembeni, anahitaji 98.

Chukua ukurasa wa hadithi wenye maneno 250. Anayejua asilimia 98 atakutana na maneno mageni matano. Anayejua 95 atakutana na kumi na mawili au kumi na matatu. Anayejua 90, ambayo kwenye mtihani tungeipigia makofi, anakutana na 25, yaani neno moja geni katika kila kumi, karibu kila mstari. Huyo hasomi tena, anaruka mashimo. Na binti anayesoma kwa sauti bila kukwama halafu hana la kusema, mara nyingi ndiyo hali yake: mdomo unapita juu ya mashimo bila kuanguka, akili imeachwa nyuma.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda naye. Afungue kitabu katikati, asome ukurasa mmoja kimyakimya, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikitosha, kitabu ni chake. Vikiingia vya mkono wa pili, kitabu hicho ni cha baadaye. Vikiisha vyote kumi, kirudisheni kwenye rafu hata kama jalada linavutia. Mwambie pia asiyahesabu kuwa mageni maneno ambayo tayari anayo bila kujijua. *Blanket, socks, bench, sweater*: hayo yamevaa sare ya Kiingereza tu, nyumbani yapo. Watoto wengi hawajui kwamba wana utajiri huo, na ukiwaonyesha wanapata moyo.

Miongoni mwa wa kwanza kulishughulikia hili kwa kuhesabu alikuwa Mwingereza Michael West, aliyefundisha Dhaka, Bengal (Bangladesh ya leo), katika miaka ya 1920. Aliwakuta wavulana wa Kibengali wakipewa vitabu vya Kiingereza vilivyojaa maneno mapya kila mstari, akaona kwamba hawashindwi kwa uvivu bali kwa mzigo. Akaanza kuandika vitabu ambavyo maneno mapya yanaingia machache machache, na kila lililoingia linarudi tena na tena mpaka lizoeleke. Vitabu vya ngazi tulivyo navyo leo vimetokana na kazi hiyo. Mfululizo mmoja wa Oxford, kwa mfano, unaanza na vitabu vya maneno ya msingi 250, kisha 400, 700, 1,000, hadi 2,500. Tazama jalada la nyuma, namba hiyo huandikwa hapo. Kwa mtoto aliyetoka darasa la saba la Kiswahili, anzia 400. Kama anaona ni rahisi mno, vizuri sana, mwache afurahie vitatu vinne vya namna hiyo. Urahisi ndio tunaoutafuta.

Hakuna kioo kinachopunguza maneno mageni. Kitabu kigumu kikiingia kwenye kishikwambi kinabaki kigumu. Hilo ndilo jambo la kumwambia kaka yako kuhusu vile vitabu elfu moja. Vitabu vinavyogawiwa bure mtandaoni, vingi ni vya kale, ambavyo muda wa haki ya mwandishi umekwisha. Project Gutenberg, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000 vya namna hiyo, nami naithamini sana, lakini sehemu kubwa ni Kiingereza cha miaka mia moja na zaidi iliyopita. Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya ambayo haikurahisishwa, bila msaada, kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia moja ni neno na ndugu zake, kama *read, reads, reader, reading*. Binti yako labda ana mia kadhaa. Ukimpa vitabu elfu moja vya namna hiyo, umempa milango elfu moja iliyofungwa.

Sasa karatasi na kioo. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake wa Hispania na Israel walikusanya tafiti 54 za kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, zote zikilinganisha kusoma kwenye karatasi na kusoma kwenye kioo. Waliosoma karatasi walielewa zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwapo, na ukiifungua ndani inasema mambo yanayokuhusu. Ilionekana katika maandishi ya maarifa, ya aina ya Jiografia na Biolojia. Katika hadithi tupu haikuonekana. Iliongezeka pale msomaji alipobanwa na muda. Na kadiri miaka ilivyosonga haikupungua, iliongezeka. Watu husema watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, kwa hiyo kioo kwao ni kama karatasi kwetu. Takwimu hizo haziwaungi mkono.

Tafiti hizo kwa sehemu kubwa ni za watu wanaosoma lugha wanayoimudu. Mimi naamini, kwa miaka niliyokaa na wanafunzi wetu, kwamba kwa anayesoma lugha ya kigeni jambo hili lina uzito zaidi. Akili yake tayari imeshikwa na maneno. Nguvu inayobaki ni kidogo, na chochote kinachoila, hata kupotea mstari tu, kinaila kutoka kwenye maana.

Nikuonyeshe kwa karibu. Mpe mtoto kitabu cha kiada cha PDF kwenye simu ya kawaida. Ukurasa uliotengenezwa kwa karatasi kubwa umebanwa kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne. Herufi ni ndogo kama chawa, kwa hiyo anapanua kwa vidole viwili. Sasa herufi zinasomeka, lakini mstari umekatika kulia. Anasogeza kulia kumalizia sentensi, anarudi kushoto kuanza mstari unaofuata, anauruka na kutua kwenye ule wa chini yake. Anasoma sentensi isiyoungana na ile ya kwanza. Kwa Kiswahili angeshtuka palepale na kurudi. Kwa Kiingereza hashtuki, kwa sababu sentensi zisizoungana ndizo alizozizoea. Anaendelea. Nimekaa pembeni ya mwanafunzi nikilitazama hili likitokea mara nne katika ukurasa mmoja wa Historia, na mwenyewe hakujua.

Kutojua huko nako kumepimwa. Mwaka 2011 Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith huko Israel waliwapa wanafunzi maandishi, wengine kwenye karatasi, wengine kwenye kompyuta, wakawaachia waamue wenyewe lini wameelewa vya kutosha. Wa kompyuta walipata alama za chini zaidi, na zaidi ya hapo walijikadiria kuwa wamefanya vizuri kuliko walivyofanya. Mtoto anafunga kioo akiamini amesoma. Ndiyo maana kwa masomo ya darasani nakuomba ushikilie karatasi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya bure, na ni msaada mkubwa pale kitabu kinapokosekana. Lakini sura anayoihitaji wiki hii ipelekwe stationery ichapwe. Kurasa kumi na penseli zitamfaa kuliko PDF nzima kwenye simu.

Kwa hadithi mimi si mkali hivyo. Mwaka 2019 Anne Mangen na wenzake waliwapa watu 50 hadithi ya kurasa 28, nusu wakaisoma kwenye kitabu, nusu kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu tu. Kwa mambo mengi walikuwa sawa. Waliotumia kitabu waliwashinda wenzao katika jambo moja, kukumbuka lipi lilitokea lini na kuyapanga matukio kwa mfuatano wake. Mimi naelewa kwa nini. Kitabu kinakwambia ulipo kupitia mkono: upande wa kushoto unanenepa, wa kulia unakonda. Mtoto anakumbuka kwamba mzee alifariki "pale katikati, ukurasa wa kushoto, chini". Akitaka kuhakikisha, anarudi na kupata. Kwa anayesoma lugha ya kigeni, kurudi nyuma ni nusu ya kusoma, na kwenye karatasi kurudi ni rahisi.

Kuna jambo ambalo watetezi wa kioo hulitaja kila mara, na wana haki ya kulitaja: kamusi ya kubofya. Unagusa neno, maana inatokea. Kwenye karatasi mtoto atafute kamusi, afungue herufi, apekue, asome, arudi, atafute alipoishia. Kwa maneno matano kila ukurasa hiyo ni kazi ya kumchosha mtu mzima. Wengi hawaifanyi kabisa. Mwaka 1996 Jan Hulstijn na wenzake huko Uholanzi waliwapa wanafunzi wa Kifaransa hadithi pamoja na kamusi ya kutumia, na wanafunzi hao waliifungua mara chache mno. Tusijidanganye kwamba kitabu cha karatasi na kamusi nene juu ya meza vinamfanya mtoto atafute maneno.

Lakini tazama kinachotokea anapobofya. Msichana wa kidato cha pili alikuwa anasoma kwenye simu mbele yangu sentensi fupi: *She could not bear the heat.* Akagusa *bear*. Kisanduku kikatokea: dubu. Akaridhika, akaendelea. Nilipomuuliza sentensi inasema nini, alinijibu kwa uhakika kwamba kulikuwa na joto na dubu. Alifanya alichofundishwa kufanya. Kisanduku kilimpa maana moja, ile iliyokuwa mbele, na neno hilo lina nyingine: kuvumilia, kubeba, kuzaa. Kamusi ya karatasi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka mwaka 1996, ingemlazimisha aone dubu, aone pia vumilia, na achague. Kuchagua huko ndiko kunakomfundisha.

Hata pale kisanduku kinaposema kweli, kina gharama yake. Mwaka 2021 May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus walichambua tafiti 39 za watoto wadogo na vitabu vya kidijitali. Kamusi iliyowekwa ndani ya kitabu iliwaongezea watoto maneno, lakini haikuwasaidia kuelewa hadithi, na mahali pengine iliwapunguzia. Kila anapogusa neno mtoto anatoka kwenye hadithi. Akitoka mara ishirini, hakuna hadithi iliyobaki, kuna orodha ya maneno.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni moja, nayo inafanya kazi kote kuwili. Neno geni likitokea mara ya kwanza, weka nukta ya penseli pembeni, au kwenye kioo lipake rangi bila kufungua kamusi, upite. Likirudi, nukta ya pili. Likirudi mara ya tatu, sasa linakudai: maliza sura kwanza, kisha litafute, uandike kwenye daftari pamoja na sentensi nzima lilimotoka. Maneno yanayokuja mara moja na kutoweka mwache ayapite kwa amani. Na mengi yanayorudi, ifikapo mara ya tatu ameshayabahatisha mwenyewe kutokana na hadithi. Hilo ndilo neno ambalo halitamtoka tena.

Sasa nikitetee kishikwambi, maana nimekibana mno, na kina kitu ambacho karatasi haiwezi kukitoa hata ifanye nini.

Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto wetu akijua silabi, anajua kusoma kila neno, hata ambalo hajawahi kuliona. Anaingia kwenye Kiingereza na imani hiyohiyo, na Kiingereza kinamsaliti. Anaona *said* anasoma saidi. Anaona *island* anasoma isilandi. Anaona *knife* anasoma kinife. Hakuna wa kumsahihisha, kwa sababu anasoma kimya, chumbani, peke yake. Kesho mwalimu anasema "naif" ubaoni, mtoto anadhani ni neno jipya kabisa. Sasa ana maneno mawili kichwani kwa kitu kimoja, moja la jicho, moja la sikio, na hayajawahi kukutana. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha nne waliosoma vitabu vingi vya karatasi, wanaandika vizuri, lakini ukiwasemesha maneno yaleyale waliyoyaandika hawayatambui. Inauma, kwa sababu kazi waliifanya.

Hapo sauti ndiyo dawa. Vitabu vingi vya ngazi vina rekodi ya mtu akivisoma. Pale isipokuwapo, simu na vishikwambi vya Android vina sauti ya kusoma maandishi. Haina uhai wa binadamu, lakini matamshi yake yanatosha kwa kazi hii. Ninachopendekeza ni kitabu cha karatasi mkononi na sauti masikioni, kidole kikifuata mstari. Sauti inafanya mambo mawili kwa mpigo. Inamwonyesha kwamba *knife* ni "naif". Pia inamsukuma: haisubiri akwame kwenye neno, inaendelea, naye analazimika kuendelea nayo, mpaka anagundua kwamba hadithi inaeleweka hata maneno mawili matatu yakimpita. Dakika 20 kwa siku, sura moja. Siku ya kwanza asikilize na kufuata, siku ya pili aisome sura ileile mwenyewe bila sauti.

Kaka yako akiuliza atume kifaa gani, mwambie hiki cha kawaida chenye spika na tundu la spika za masikioni. Vile vya kusomea tu vyenye wino wa kielektroniki, kama Kindle, havichomi macho na chaji yake hudumu wiki kadhaa, na kwa mtu mzima anayesoma sana ningevisifia. Kwa binti wa kidato cha kwanza anayehitaji sikio, kishikwambi kina kazi zaidi. Avipakue vitabu na sauti huko huko Muscat kabla hakijasafiri, bando lako libaki kwa mambo mengine. Na vitabu vya kusomea kwenye kioo viwe vya EPUB, ambavyo maandishi hujipanga upya kulingana na kioo na kurasa hufunguliwa moja moja.

Kioo kina fadhila nyingine ndogo ambayo sijaona ikisemwa. Binti wa miaka 13 au 14 ana haya. Ukimpa kitabu chenye picha ya sungura kwenye jalada na herufi kubwa za darasa la pili, hatakitoa mbele ya wenzake, hata kama ndicho hasa kiwango chake. Kwenye kioo hakuna anayeona jalada. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi fupi za bure katika lugha za Afrika na Kiingereza, na nyingi zipo kwa Kiswahili pia. Mwache asome moja kwa Kiswahili, kisha ileile kwa Kiingereza. Ya kwanza inampa hadithi, ya pili inampa lugha. Hapambani na vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa wiki nne au sita za mwanzo sijui njia ya upole kuliko hiyo.

Baada ya hapo inakuja kazi ya wingi, na hapa karatasi inarudi kwa nguvu. Mwaka 1999 Paul Nation na Karen Wang walihesabu ni mara ngapi maneno hurudi ndani ya vitabu vya ngazi, wakafikia ushauri wa karibu kitabu kimoja kwa wiki. Akisoma polepole kuliko hapo, neno linasahaulika kabla halijarudi. Kwa muhula mmoja ni vitabu kama 18. Laki na nusu yako haitavifikisha vyote, najua. Lakini kitabu cha karatasi kina miguu. Tafuta wazazi wanne wa wanafunzi wenzake, kila mmoja wenu, nawe ukiwemo, anunue vinne tofauti. Mna vitabu 20, na kila mtoto atavisoma vyote. Andikeni majina kwenye karatasi nyuma ya jalada, nani kachukua, lini karudisha. Kishikwambi hakiazimwi kwa jirani; ukikiazima, usiku hulali. Uliza pia maktaba ya mkoa, ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya vitabu.

Ushahidi wa wingi huo upo, nao unatoka kwa watoto wanaofanana na wetu kuliko wa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza 250 kwa kila darasa katika shule za msingi za vijijini Fiji, kwa watoto wa darasa la nne na la tano ambao nyumbani huzungumza Kifiji au Kihindi. Hakukuwa na mashine. Vitabu vyenye picha, vilivyowekwa mahali mtoto anavifikia, na mwalimu akiwasomea au akiwaachia wasome kimya kila siku. Watoto hao walisonga mbele katika kusoma na kusikiliza Kiingereza kwa kasi mara mbili ya kawaida, na ilipofika mwaka wa pili faida ilionekana hadi kwenye masomo mengine. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kishikwambi kimoja kwa kila mtoto na vitabu 250 darasani, sitafikiri mara mbili.

Watu watakutajia Sweden, ambayo mwaka 2023 serikali yake ilitenga kronor milioni 685 kurudisha vitabu vya karatasi shuleni baada ya miaka mingi ya kompyuta. Ni kweli, ila usiiegemee sana. Wao walikuwa na vitabu, wakaviacha, wakavirudia. Sisi bado tunavitafuta.

Kuhusu wasiwasi wa kwamba kishikwambi kitaishia kwenye video, uweke utaratibu tangu siku ya kwanza, maana wa siku ya kumi hausikilizwi. Kifaa kiwe cha nyumba, si cha binti. Kikae sebuleni. Wakati wa kusoma kiwekwe hali ya ndegeni, vitabu na sauti vitafunguka bila intaneti. Saa ya kulala kirudi mahali pake. Kitabu cha karatasi ndicho kinachoruhusiwa kwenda naye kitandani. Kama mwakani atahamia bweni, jua kwamba kishikwambi kitabaki nyumbani, shule haziruhusu, na ndipo utafurahi kwamba ulinunua karatasi.

Limebaki lile la mwisho, utajuaje kama anasoma ilhali wewe Kiingereza hukijui vizuri. Unajua zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kipimo chake ni cha Kiswahili. Chagua saa moja ya Jumapili, mnapochambua mchele au mnapomenya ndizi, umwambie akusimulie kitabu cha wiki hiyo kwa Kiswahili, tangu mwanzo. Usimwulize maswali ya kimtihani. Muulize unayotaka kujua kweli: huyo kijana alikimbia kabla au baada ya mama yake kurudi? Na zile hela zilikuwa wapi wakati huo? Kwa nini hakusema? Aliyesoma atakujibu na ataongeza asiyoulizwa. Aliyepita juu ya mashimo atakupa majina mawili matatu na mfuatano uliovurugika. Usimgombeze. Mwambie alete kitabu, akuonyeshe pale alipopotelea, akurudishie ukurasa ule mmoja kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, huku wewe ukihesabu vidole anavyokunja. Vikizidi mkono mmoja, wiki ijayo mteremshieni ngazi moja, mwendelee kutokea hapo.